Keto, kufunga masaa au sahani ya kawaida: ukihama daieti, ipi itakukata stimu mapema?

Mtu akitaka kuhama daieti swali lake la kwanza huwa ni ipi inapunguza haraka, na mi naona hapo ndo tunapoanza kupotea, maana kupunguza zote zinapunguza, shida ni kwamba hatufiki nazo mwisho. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua watu 609 wakawagawa, hawa wapunguze mafuta, wale wapunguze wanga, mwaka mzima, na majibu yakatoka 2018: wa mafuta wamepungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, yani tofauti ya maana hamna. Ila ndani ya makundi yote mawili kuna aliyepungua zaidi ya kilo 25 na kuna aliyeongezeka kabisa. Utafiti mwingine wa Boston, wa 2005, uliweka daieti nne maarufu pamoja kwa watu 160, na kilichompunguza mtu hakikuwa jina la daieti, ilikuwa amekomaa nayo kiasi gani, na kwenye zile mbili kali zaidi karibu nusu ya watu hawakumaliza mwaka.

Kwaiyo hapa silinganishi kilo. Nalinganisha kitu kimoja: ukihamia plani fulani ukiwa hapa Dar, na kazi yako hiyo hiyo na hela yako hiyo hiyo na ndugu zako hao hao, mzuka utakata lini na kwa sababu gani. Kila plani ina siku yake mbaya, na hizo siku hazifanani, ndo maana rafiki yako anaweza kukusifia kitu kwa moyo mmoja na wewe kikakushinda ndani ya wiki wala hakuna mwenye makosa.

Zenyewe ni tatu. Keto, kwa asiyeijua, ni kukata wanga mpaka chini ya gramu 50 kwa siku, kwaiyo ugali, wali, chapati, mihogo na viazi kwaheri, unabaki na nyama, samaki, mayai, parachichi, nazi na mboga za majani. Kufunga masaa ni ile ya 16 kwa 8, unakula labda kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 2 usiku, nje ya hapo ni maji na chai ya rangi bila sukari. Sahani ya kawaida ni chakula kile kile cha nyumbani ila unabadilisha vipimo: nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki au maharage au nyama, na soda na maandazi unayaaga. Mazoezi nitayagusa mbele huko.

Wiki mbili za kwanza

Keto siku ya tatu ya nne hivi kichwa kinagonga, mwili mzito, choo kigumu, mdomo una harufu ambayo mswaki hauiwezi. Sababu ni kwamba mwili ukiishiwa wanga unamwaga maji na chumvi kwa wingi, sasa jumlisha na joto letu la mwezi wa pili, umesimama kwenye daladala ya Gongo la Mboto umebanwa na mabegi ya watu, unaona giza. Dawa yake ni ndogo tu, maji ya kutosha na supu yenye chumvi (mwenye presha aongee na daktari kwanza), na kwa wengi inapita ndani ya wiki. Ikishapita hapo keto inakulipa kuliko wenzake wote, njaa inatulia na mizani inashuka kila ukiipanda. Kwa mzuka wa mwanzo hamna inayoifikia, hilo nakubali bila ubishi.

Kufunga masaa adui yake ni saa. Homoni ya njaa inapanda muda ule uliozoea kula, kwaiyo kama we ni mtu wa supu na chapati mbili saa 3 asubuhi basi saa 3 kamili tumbo litadai chake kama kawaida, hata kama jana usiku ulishiba. Baada ya siku kadhaa linahamia saa mpya na unashangaa mbona asubuhi zimekuwa nyepesi. Aliyezoea kufunga Ramadhani au zile za Jumatatu na Alhamisi anaichukulia poa tu. Mtego wake uko kwenye kufungulia: saa 6 ikigonga mtu anakaa na chipsi mayai, mishikaki minne juu na soda baridi, anaamini masaa 16 yameshamsafishia njia. Hayajasafisha kitu. Guangzhou, China, waliwafatilia watu 139 wenye unene kwa mwaka mzima, wote wamepewa kalori sawa, nusu wanakula ndani ya masaa 8 na nusu muda wowote, na ripoti ya 2022 ikasema wa masaa wamepungua kilo 8.0 na wenzao 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Saa inakuzuia usitafune ovyo usiku mbele ya tivii, hiyo ndo kazi yake.

Sahani ya kawaida wiki mbili za kwanza hamna kitu. Hamna kichwa kuuma, hamna cha kusimulia, na kwenye mizani labda nusu kilo, labda kilo. Na hapo ndo inapowapoteza watu, haina drama, mtu anaona kama hajaanza, anaingia YouTube anakutana na mtu kapungua kilo 8 kwa wiki mbili, basi, kashahama tena.

Mizani siku ya kuhama

Hapa nitakaa kidogo maana watu wengi wanaachia ngazi kwa sababu ya hili tu na hamna aliyewaambia kabla.

Mwili unatunza wanga kwenye misuli na ini, kwa mtu mzima ni kama gramu 400 mpaka 500, na kila gramu moja inakaa na maji karibu gramu 3. Piga hesabu, hiyo ni kilo moja na nusu mpaka mbili ambazo sio mafuta wala nini, ni stoo na maji yake. Ukiingia keto stoo inamalizwa, maji yanatoka kwa njia ya kawaida ya maji kutoka, wiki ya kwanza umepungua kilo mbili na zaidi, unapiga picha mizani unaweka status, watu wanakuuliza siri. Mafuta yaliyotoka humo ni kidogo sana. Sio kwamba keto ni uongo, mafuta yanatoka baadaye kwa mwendo wa kawaida kama wengine, ila ile kasi ya wiki ya kwanza usiizoee.

Sasa geuza. Mtu kahama keto Jumatatu kaenda sahani ya kawaida, kala robo ya wali kistaarabu kabisa na mchicha wake, Ijumaa kapanda mizani kaona kilo moja na nusu imeongezeka. Anasema mwili wangu mi na wali haviivi. Anarudi keto, namba inashuka, anaona si mnaona, ndo kashathibitisha hivyo na hatakaa aiamini sahani ya wali maishani. Lakini ili uongeze kilo moja na nusu ya mafuta halisi unatakiwa ule zaidi ya kalori 11,000 juu ya zile unazotumia, ndani ya siku nne tano, kwa robo sahani ya wali, labda uwe unalishwa na kijiko usiku umelala. Ni ile stoo imejaa tena na maji yake, haina shida yoyote, tena ukienda kukimbia utajisikia una nguvu.

Kwaiyo kabla hujahama tafuta futi ya fundi cherehani, ile ya kukunja, jipime kiuno asubuhi hujala, usawa wa kitovu, pumua kawaida usijibane tumbo, andika mahali. Alafu mizani iweke uvunguni wiki mbili. Zikiisha ipande, na namba utakayoiona ndo namba yako ya kuanzia kwenye plani mpya, ile ya zamani ifute kichwani. Kwa wadada kuna maji ya kabla ya hedhi pia, yanaweza kukupandishia kilo nzima, linganisha wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, usilinganishe Jumapili na Jumapili.

Anayetoka sahani kwenda keto yeye afanye hivyo hivyo kwa sababu ya upande wa pili, asije akajaa sifa kwa ajili ya maji. Anayetoka kufunga masaa kurudi kunywa chai asubuhi mabadiliko yake ni madogo, asihangaike.

Hela, na nani anapika

Keto ya tarehe 27 na keto ya tarehe 18 ni daieti mbili tofauti. Mshahara ukiingia ni trei la mayai, nyama, samaki wa maana, parachichi kila siku, katikati ya mwezi vyuma vimekaza unaangalia sufuria ya ugali wa wenzako unaona kama inakuita jina. Parachichi zenyewe nyingi zinashuka kutoka Njombe na Rungwe, zikiisha msimu bei inaruka. Ukitaka keto isikuangushe kwa hela basi ishushe hadhi mapema, vibua na dagaa wa Feri, mayai, matembele na kisamvu cha nazi, usijenge mazoea ya vyakula vya supamaketi ambavyo mwezi ukigawanyika hutaviweza.

Na nyumba ya watu wengi keto ni sufuria mbili. Kama anayepika ni dada wa kazi au mama mkwe, kila siku unaomba upendeleo, na kuomba upendeleo kila siku kunachosha kuliko njaa.

Kufunga masaa ndo ya bei rahisi kuliko zote, umefuta chai ya asubuhi na vitafunwa vyake, hela inabaki mfukoni. Siku yake mbaya ni foleni. Unatoka Posta saa 12 jioni, mpaka uingie Kibamba au Chamazi ni saa 3 usiku, dirisha lako limefungwa saa 2 na familia ndo inapakua. Ama unakula ukiwa na hatia ama unalala na njaa, na vyote vinakata stimu. Hapo sogeza dirisha, anza kula saa 8 mchana umalize saa 4 usiku, sheria ya saa 6 haijatoka mbinguni.

Sahani ya kawaida hela ni ile ile, sufuria ile ile. Ila unatakiwa uwe na mdomo, haswa kama unakula kwa mama ntilie.

"Mama shikamoo, naomba wali kidogo leo, maharage, na mboga za majani nyingi."

"Marahaba. Kidogo kama wa mtoto? Hela ni ile ile lakini mwanangu."

"Ile ile mama, we nijazie mchicha."

Na bado mwiko wa pili wa wali utatua, maana kwake kukupa kidogo ni kukudhulumu, na mchuzi atachota kule juu kwenye mafuta ndo heshima yenyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, kwaiyo mwambie achote chini. Wiki ya pili haulizi tena, akikuona tu anaanza na mchicha.

Midomo ya watu

Hapa Bongo ukinenepa umependeza, ukipungua unaumwa. "Mbona umekonda hivyo, kuna nini?" Hilo swali utaulizwa ofisini, kanisani, msikitini, na shangazi atapiga simu kwa mama yako. Wengine linawapa nguvu, ushahidi kwamba inaonekana. Wengine linawamaliza kabisa, wanarudi kwenye chapati ili watu wanyamaze. Jijue we ni yupi, maana plani hizi hazina kelele sawa. Keto inatangaza: kwenye shughuli unasukuma pilau pembeni unabaki na nyama, mezani mada inakuwa wewe. Kufunga kunaonekana kwenye chai ya saa 4 tu, na ukisema "nimefunga" hamna anayekusumbua. Sahani ya kawaida hamna hata anayejua, na mi kwa mtu anayeumizwa na maneno nitampa hiyo bila kufikiria mara mbili.

Alafu kuna bei ya kuteleza, hii naipa uzito kuliko karibu kila kitu. Kitchen party, sendoff, harusi, kipaimara, msiba, Dar mwezi hauishi bila sahani ya pilau ambayo kuikataa ni kama kumtukana mwenye shughuli. Ukila pilau kwenye keto unatoka nje ya keto, inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, na kichwa kikarudi nacho. Kwenye kufunga umeharibu jana, leo saa unaiwasha upya. Kwenye sahani umeharibu mlo mmoja, mlo unaofuata uko sawa. Ndo maana mtu wa keto akiteleza Jumamosi mara nyingi anasema basi ntaanza Jumatatu, na Jumapili nzima anakula kama anahama nchi.

Mazoezi

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Kwa kupunguza uzito peke yake ni njia ndefu, saa nzima ya kutembea ni kama kalori 300 hivi, sahani ya chipsi mayai inarudisha zote na chenji. Ila kwa kushikilia mzuka mazoezi hayana mpinzani. Ukichagua kati ya jimu na klabu ya jogingi ya mtaani, mi nasema klabu, kwa sababu moja: jimu ukilipia mwezi usipoenda hamna anayejua, klabu usipotokea Jumamosi wanapita wanaimba mbele ya geti lenu na jina lako limo. Ukikaa upande wa Upanga kuna Daraja la Tanzanite, zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, asubuhi upepo mtamu. Shida ni mwisho wake, unatokea Coco Beach kwenye mihogo ya kukaanga, na hapo kila mtu na Mungu wake.

Angalizo tu: usihame daieti na kuanza mazoezi makali wiki moja. Kama ulikuwa unatembea endelea kutembea vile vile, kibaki kitu kimoja ambacho hakijabadilika. Wa keto haswa, wiki mbili za kwanza miguu inakuwa kama imejaa mchanga, ukianza kukimbia hapo utachukia vyote viwili.

Sasa nani aende wapi

Unajipikia mwenyewe, hela ya protini ipo, shughuli sio nyingi, na unahitaji kuona matokeo ya haraka ndo ukae kwenye mstari: keto, lakini jua mapema utatoka vipi. Asubuhi huna muda, hela inabana, na shida yako kubwa ni kutafuna usiku: kufunga masaa. Unaishi na watu, unakula kwa mama ntilie, kila wikiendi una kadi ya mchango: sahani ya kawaida, na usiombe ikupe furaha ya mizani, ifatilie kwa futi na kwa suruali. Kama unanilazimisha niseme moja kwa mtu nisiyemjua, nasema sahani, kwa sababu ya ile bei ya kuteleza.

Chalenji za siku 21 za kwenye magrupu ya WhatsApp ni nzuri kwa kuanzia tu. London walipima watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya, matokeo ya 2010, kwa kawaida ilichukua siku 66 mpaka kitu kiende chenyewe, wa haraka 18, wa mwisho 254. Grupu likivunjika siku ya 21 wewe bado uko theluthi ya safari, tafuta wawili watatu mbaki mnatumiana picha za sahani.

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asifunge masaa wala asiingie keto bila kuongea na daktari, dozi inaweza kumshusha sukari mpaka azimie. Mjamzito na anayenyonyesha hizo mbili waziache. Chai za kupunguza tumbo sijaziweka kwenye ulinganisho makusudi, nyingi zina senna, zinakuharisha tu, ni yale yale maji ya kwenye mizani ila kwa njia mbaya zaidi.

Na tarehe ya kuhama uichague. Desemba usihame kwenda popote, baki na hiyo hiyo uliyonayo hata kama inakuboa, usiongezeke tu inatosha. Januari ni ada na kodi ya nyumba, keto haitafika tarehe 15, iache mpaka Februari mshahara uwe umekaa sawa. Kufunga masaa kunaanza vizuri wiki ambayo huna safari. Sahani unaweza kuanza nayo kesho mchana, fungu la mchicha bado halijamshinda mtu.